Raketi ya Asubuhi na Raketi ya Mchana

Same, Jumapili, baada ya ibada. Upepo mkali, vumbi hadi ndani ya sufuria.

Shikamoo, dada Nakunda. Hujambo huko Mhezi? Magoti yanasemaje na hiyo baridi yenu? Kikohozi cha watoto kimepungua? Sisi huku tu wazima, Bwana asifiwe, ila ni wazima wenye jambo. Ulisema kila mmoja wetu aandike siku zake kama zilivyo, bila kuzipaka mafuta, kisha tupelekeane kila anapopatikana mtu wa kupanda au kushuka mlima. Basi ya jana siipaki mafuta.

Jana nimegundua kwamba mume wangu hasikii.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Unaijua kazi ya Baba Eliamani pale klabu ya Wazungu, kufunga nyuzi za raketi wanazopigia mpira wa tenisi. Nyuzi zenyewe ni utumbo wa kondoo uliokaushwa ukasokotwa. Fremu ya mbao inabanwa kwenye jiliwa, uzi unapitishwa tundu kwa tundu, kwanza za kusimama, halafu za kulala, juu chini, juu chini, kama unavyosuka mkeka. Kila uzi unazungushiwa kijiti na kuvutwa, kisha tundu linazibwa kwa sindano nene ya fundi viatu ili usirudi nyuma. Lakini uvutwe kiasi gani? Hapo hakuna kipimo. Yeye huudonoa kwa ukucha na kusikiliza. Si unajua ni mwalimu wa kwaya, kwake kila raketi ina sauti yake. Ya mke wa daktari ni "mi". Ya yule Mgiriki wa shamba la mkonge ni "fa". Wanaopiga kwa nguvu zote wanataka "so".

Wiki hii yote palikuwa na mashindano makubwa. Wachezaji walishuka kwenye treni kutoka Tanga, wengine kutoka Moshi, na mmoja katoka Nairobi ambaye, amini usiamini, kucheza ndiyo kazi yake. Halimi, hahukumu kesi, hatibu mtu. Analipwa apige mpira! Wapishi walimwita Bwana Ting', maana akipewa raketi mbili huzigonganisha karibu na sikio, ting', ting', huku amefumba macho kama anayeomba.

Jumatatu Baba Eliamani akaniambia, "Mama Eliamani, wiki hii njoo ukae nami bandani."

Tangu tuoane hajawahi kuniambia hivyo. Nilifurahi kama bibi harusi. Nilipika makande alfajiri, nikayafunga kwenye kanga, nikamfuata.

Bandani akawa anavuta uzi, anaudonoa, ananitazama. "Huu umefika 'so'?" Naimba "so" yangu, nalinganisha, namwambia bado, vuta. Au namwambia umepitiliza, legeza. Nikadhani ananifundisha kazi. Nikadhani, Mungu anisamehe, kwamba hatimaye ameona nami nina sikio. Dada, niliringa. Hamisi mpishi, yule mtu wa Makanya mwenye maneno mengi, akapita dirishani na sinia lake.

"Fundi leo umekuja na kinanda!"

"Kinanda kinachokula makande kuliko mwenyewe," nikamjibu.

Baba Eliamani akacheka baada yetu. Baada yetu. Sikuliwaza hilo wakati ule.

Nikueleze pia kilichokuwa kikinitia hofu. Katibu wa klabu, Mzungu mmoja anayejua vizuri Kiswahili alichojifunzia Tanga, tangu mwaka jana amekuwa akimtaja fundi wa Moshi mwenye mashine ya kuvutia nyuzi. Kila raketi ikipata kasoro, anamtaja. Kazi hii ikimtoka Baba Eliamani, iliyobaki ni kurudi kukata mkonge, na kwa mgongo ule wake sijui angemaliza mwezi.

Basi jana, siku ya fainali, Bwana Ting' alileta raketi mbili asubuhi. Zilikuwa zimekatika nyuzi, akataka zifungwe upya ziwe mapacha, sauti moja, ili moja ikikatika uwanjani ashike ya pili bila mkono wake kujua. Ya kwanza tuliifunga jua likiwa bado dogo. Niliimba, akavuta, ikatoka safi. Ya pili tulianza kuifunga jua likiwa kichwani, upepo umeamka, vumbi limenijaa kooni. Katikati nikatoka kwenda kuchota maji ya kunywa.

Nikarudi nikakuta mlango umerudishwa. Nikachungulia.

Mume wangu alikuwa ameuma mpini wa raketi.

Ameuma kabisa, meno yamebana mti, macho amefumba, kidole kinadonoa nyuzi. Nilishtuka, mawazo mabaya yakaanza kunipita, ya dawa na mambo ya kienyeji, kwa mtu anayesimama mbele ya kwaya! Nikasukuma mlango.

"Baba Eliamani, unakula raketi ya watu?"

Hakugeuka. Nilikuwa nyuma yake hatua mbili, na nilisema kwa nguvu, lakini hakugeuka. Mpaka nilipomgusa bega ndipo aliporuka, akanitazama usoni. Si machoni, dada. Mdomoni. Alikuwa akiutazama mdomo wangu.

Akakaa juu ya sanduku. Akasema sikio la kushoto lilikwenda zamani, tangu ile homa aliyomezeshwa vidonge vingi vya kwinini. La kulia ndilo linaondoka sasa. Ila akiuma mti, sauti inaingia kwa mfupa wa taya, haipiti mlango wa sikio. Haiji yote, lakini inakuja.

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilikuambia njoo ukae nami."

Mwaka mzima, dada, mwaka mzima nimekuwa nikimwambia jambo mgongoni naye yuko kimya. Naomba chumvi, naletewa maji. Namwita ndani, anatoka nje. Nimenuna siku ngapi! Nilikuwa nagombana na sikio nikidhani nagombana na moyo. Nilishafika mahali pa kumwambia Mungu, basi, kama amenichoka, nipe uvumilivu.

Kumbe hakunichoka.

Nilitaka kulia, lakini uzi ulikuwa umevutwa nusu na Bwana Ting' anasubiri. Tukaendelea. Yeye anauma mti, mimi naimba. Karibu na mwisho akauachia mpini akasema, "Hizi ziko chini kidogo kuliko za asubuhi." Nikaimba tena, nikamwambia hapana, zimefika, sikiliza. Akatabasamu. "Mimi nina mfupa tu. Wewe una sikio. Tufuate sikio."

Tukafuata sikio.

Alasiri uwanja ulijaa, Wazungu wamekaa kwenye viti barazani, sisi wengine tumesimama kwenye michongoma. Bwana Ting' alikuwa anacheza na yule Mgiriki wa mkonge. Mwanzoni alimkimbiza kama kuku. Halafu ile raketi ya asubuhi ikakatika uzi. Akachukua ya pili. Akaidonoa. Nikaona paji la uso wake likikunjamana.

Nyuzi zikilegea, mpira unaruka mbali kuliko mkono ulivyokusudia. Wa kwanza ukapita mstari. Wa pili ukapita. Wa tatu ukaenda kudunda miguuni pa Hamisi. Wafanyakazi wa mkonge wakaanza kumshangilia bwana wao, nami nimesimama pale roho inanitoka, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa.

Unaikumbuka kwaya yetu na lile tatizo lake. Hatuna kinanda, sauti tunaitoa kifuani, na kila ubeti unaopita inashuka kidogo bila mtu kujua. Mchungaji hututania kwamba wimbo tunauanza Mhezi mlimani na kuumalizia chini Makanya. Ndivyo ilivyokuwa. "So" yangu ya asubuhi ilikuwa huko kwenu mlimani. Ya mchana, baada ya kuimba tangu kuche na kumeza vumbi la Same, ilikuwa imeteremka hadi reli. Mfupa wa mume wangu uliniambia ukweli, mimi nikabisha.

Niliomba. Nikamwambia Bwana, huyu mgeni ashinde. Kisha nikaona haya, maana hata Mgiriki ni kiumbe chake, na ana haki ya kushinda kwake. Nikabaki kusema, basi, mume wangu tu asidhurike.

Bwana Ting' akashindwa.

Katibu akamwita fundi barazani. Nilimfuata, nikasimama kwenye ngazi. Raketi ilikuwa mezani kati ya gilasi. Katibu akaigonga kwa kidole, akauliza kulikoni, ni utumbo mbaya au ni upepo? Nilijua jina la Moshi liko njiani. Nikafungua mdomo niseme ni upepo. Kweli, dada, uongo ulikuwa tayari ulimini.

Baba Eliamani akainama karibu na sikio la katibu, kama mtu anayemwambia siri. Ila tatizo la mtu asiyesikia ni kwamba hajui sauti yake iko wapi. Alidhani ananong'ona. Ilitoka kama ile anayowasimamishia besi siku ya Krismasi.

"SI UPEPO, BWANA. MASIKIO YANGU YAMEKUFA. USIWAAMBIE HAWA."

Mke wa daktari kikombe kimesimama hewani. Hamisi akasema chinichini, "Basi, na treni imesikia." Nami sijui kilichonipata, nilicheka huku machozi yanatoka, nikapanda zile ngazi ambazo sijawahi kuzipanda, nikasimama kando ya mume wangu.

Katibu akaniangalia, akamwangalia yeye. Safari hii akasema polepole, amemwelekezea uso, na hilo namshukuru.

"Ya asubuhi aliisikiliza nani?"

"Mke wangu."

"Na hii?"

"Mke wangu. Ila mchana alikuwa ameshashuka Makanya."

Wapishi wakaangua kicheko, Wazungu wakaomba waelezwe, katibu akawaeleza kwa Kiingereza, nao wakacheka. Bwana Ting' alikuwa akijifuta jasho, akimtazama Baba Eliamani anavyowaonyesha jinsi alivyouma mti. Akaichukua ile raketi, akauma mpini mbele ya watu wote, akadonoa. Macho yakamtoka. Akauma tena. Sijui alisema nini, lakini alikuja akampa Baba Eliamani mkono, akakaa akiushika, halafu akajigonga magotini, kama anayesema yaliyoshindwa ni haya. Huenda alikuwa anatuhurumia tu. Mipira ile mimi niliiona.

Katibu akawasha kiko chake, akafikiri. Mwisho akasema, "Jumatatu mje wote wawili. Na mama aimbe asubuhi tu. Mchana hakuna raketi."

Ndivyo ilivyokwisha. Mtu wa Moshi hakutajwa. Sijui atatajwa lini tena, lakini jana hakutajwa.

Leo tumetoka kanisani tukitembea polepole, yeye akinisimulia mambo ya jana kwa sauti ya kusikika hadi stesheni, watu wanatupisha wakicheka, wengine wananipa pole. Nikiwa upande wake wa kulia ananisikia nusu. Nimezoea kutembea kushoto tangu tuoane. Leo nimehama.

Sasa amelala kidogo, nami nimekaa mlangoni na kuandika. Moyo wangu uko tayari, sitakuambia nina huzuni kubwa. Maneno ya mchana nitayapaza, mengine nitayaonyesha kwa mikono, mengine hayana maana, hata yasiposikika hakuna hasara. Nimeshaanza kujizoeza kusema uso kwa uso, na nimegundua kwamba mwaka huu wote nilikuwa simtazami vizuri. Nywele za juu ya masikio zimekuwa nyeupe.

Ila kuna maneno ambayo mke humwambia mumewe taa ikiwa imezimwa. Wewe ni mtu mzima, unayajua. Gizani hawezi kuona mdomo wangu, na ukuta wetu na wa jirani ni mmoja. Nikiyasema apate kuyasikia, Same yote itayasikia. Nikiyanong'ona, hata kwenye sikio la kulia, hayafiki. Na nina mengi, dada, maana ya mwaka mzima nilimnyima kwa kununa.

Wewe uliishi na mama mkwe asiyesikia, najua si mambo yaleyale, lakini kuna njia uliyoipata? Usinicheke, na usimsomee shemeji ukurasa huu. Mama Yona anashuka kwenye gulio wiki hii. Mpe yeye majibu, tafadhali, nijibu upesi.