Pawa Saplai Nzito

Machi 4

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai kifua kimetulia na bado unawafokea wateja wa redio kama kawaida. Mimi mzima, ila kazi imenikaba koo. Hapa studio tunahariri video za harusi na kompyuta yangu inakwama kila dakika, kwa hiyo nimepata kadi mpya ya picha, kubwa kama tofali. Hiyo ndiyo itakayoisafisha ile video ya Mama, sura ionekane na sauti isikike bila mikwaruzo. Nakala ni hiyo moja tu, ambayo fundi wa kanda aliihamishia kwenye diski yangu na kuniambia ina mikwaruzo, kabla mkanda wenyewe haujakatika. Tatizo ni umeme. Kadi inataka pawa saplai, kile kisanduku cha kuilisha kompyuta umeme, ya wati mia sita na hamsini, yangu ni mia tatu. Nichagulie wewe, fundi.

Binti yako

Machi 19

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kipo, kinanikumbusha kuwa sijafa. Wateja nao wapo. Yule mwalimu ameleta redio ile ile mara ya nne, nadhani ananipenda.

Pawa saplai nimeipata. Dukani zilikuwa aina nne, nikazipima kwa mkono kama ninavyopima transfoma miaka yote. Nyepesi nikaziacha, maana ndani hamna shaba. Hii ni nzito, na imeandikwa wati mia saba. Nimechukua mbili, moja yangu. Yako iko njiani.

Ifunge haraka, unisafishie mama yako. Mwaka wa nne huu tangu atutoke, na sauti yake imeanza kunipotea. Juzi nilijaribu kumkumbuka akiniita, ikaja sauti ya shangazi yako.

Baba yako

Aprili 10

Baba,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mzigo umefika, ahsante sana. Nimeshaifunga na inafanya kazi vizuri. Video itachukua muda kidogo, vuta subira.

Binti yako

Juni 8

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hali yangu ni ile ile. Miezi miwili sasa video ni ya kesho. Leo pawa saplai yangu imetoa moshi mezani. Nimeifungua, nikakuta kipande cha saruji kimebandikwa kwa gundi, na transfoma yenyewe haizidi kiberiti. Miaka thelathini naamini mkono huu, leo umeniaibisha mchana kweupe. Yako ikoje? Usinifiche.

Baba yako

Juni 20

Baba,

Shikamoo. Mimi si mzima, na sitakudanganya tena. Iliungua siku ile ile niliyoifunga. Kadi ilipoanza kuvuta umeme nilisikia mlio, kisha harufu. Diski nayo ikafa. Nimeipeleka kwa mafundi watatu, wote wametikisa kichwa. Video ya Mama haipo tena.

Na kosa si la mkono wako. Ubavuni mwa pawa saplai kuna karatasi, na kwa maandishi madogo ilisema kwamba laini ya volti kumi na mbili, ambayo ndiyo inayolisha kadi, haitoi zaidi ya wati mia mbili. Niliisoma, Baba. Nikaona aibu, mimi ni nani nikukosoe kwenye umeme? Nikakaza skrubu kimyakimya.

Binti yako

Julai 1

Mwanangu,

Marahaba. Ungeniambia, ningekufokea siku mbili halafu ningekutafutia nyingine. Basi.

Mama yako alipofariki sikulia. Nilijiambia sauti ipo, siku nikizidiwa nitaisikiliza. Wiki hii ndiyo nimelia, tena mbele ya wateja. Sikulaumu. Nina ombi moja tu. Wewe umekaa na ile video miaka yote hii. Niandikie aliyosema, neno kwa neno, na usiongeze lako.

Baba yako

Agosti 14

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Barua hii nimeiandika mara sita na kuichana. Nilitaka kukutungia maneno, na ningeweza, kwa sababu nakumbuka alivyokuwa akipenda kusema. Lakini umenikataza kuongeza langu.

Sikuwahi kuicheza, Baba. Kila nilipotaka kuifungua nilijiambia ngoja kwanza, siku nikipata mashine nzuri nitamwona Mama vizuri. Sikuisikiliza hata sekunde moja.

Binti yako