Petroli Iliyochacha

Jumatatu, 4 Machi

Anarudi! Mke wangu amepiga simu nikiwa natia zipu suruali ya mteja. Anafika Jumamosi. Niende kumpokea uwanja wa ndege, tena na gari lake. Ndiyo, nikasema, bila shaka! Nimekata simu ndipo nikalikumbuka hilo gari.

Liko nyuma ya nyumba chini ya turubai tangu aende masomoni, mwaka na nusu sasa. Aliniomba nisiliendeshe — leseni ninayo, sifa sina. Nikatii. Nimelipangusa, nimelibembeleza, vioo vinang'aa. Leo nimeingia, nimezungusha ufunguo. Kimya. Hata tik!

Mama mkwe, tunayeishi naye, alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Kwani wewe si fundi?"

Fundi wa suruali, mama.

Jumanne, 5 Machi

Betri nimeichaji kwa jirani. Gari likakohoa, likatetemeka kama mwenye homa, likazima. Tena. Na tena. Halafu ile harufu! Si petroli ninayoijua. Kali, chachu, kama vanishi ya kabati jipya.

Mama mkwe akainamia mdomo wa tangi akanusa kama anayepima chumvi kwenye mchuzi.

"Mwanangu, hii imechacha."

Jirani, dereva mstaafu, akasema nijazie petroli mpya juu yake, zitasaidiana. Mama akamkata jicho. Maziwa yaliyoharibika, akamwambia, ukiyamiminia mazuri umeharibu yote mawili. Jirani akakumbuka ana shughuli kwake.

Alhamisi, 7 Machi

Jana sikuandika, nilikuwa nashona gauni la kumpokelea. Vipimo ninavyo kichwani.

Leo amekuja fundi wa magari, yule tunayemwita Daktari kwa sababu hutega sikio kwenye injini kama anasikiliza kifua. Swali lake la kwanza: nimejaribu kuwasha mara ngapi? Nikasema mara mbili tatu. Mama mkwe akakohoa. Haya, mara nyingi! Akatikisa kichwa: kila nikijaribu, pampu inazidi kuvuta uchafu na kuusukuma mbele.

Nikamletea mpira wa maji, nikauweka mdomoni tayari kuivuta ile petroli itoke. Akaninyang'anya. Kwani nataka kunywa sumu, akauliza. Anayo pampu ya mkono. Akavuta kidogo, akamimina kwenye chupa safi, akaiinua juani. Juu rangi ya chai ya rangi, chini maji matupu. Tangi lililobaki nusu, anasema, hutoka jasho ndani, na mfuniko nao umelegea. Chujio alilolichomoa lilinata kama ulimbo.

Nikauliza kama naweza kumwaga ile taka kwenye magugu ya uani. Akanitazama kama ninavyomtazama mteja anayeniomba nimshonee koti kwa pini. Akaitia kwenye madumu, akaondoka nayo gereji kwake.

Ijumaa, 8 Machi

LIMEWAKA!

Chujio jipya, plagi mpya, petroli mpya. Likapiga chafya, likatoa moshi, halafu likanguruma — na likaendelea kunguruma! Mama mkwe alipiga makofi mpaka kitenge kikamdondoka begani. Tumezunguka mtaa mzima, yeye kiti cha mbele, akiwapungia watu mkono kama mgombea. Breki nimefunga ghafla mara moja tu. Mbili.

Jumamosi, 9 Machi

Amefika. Mwembamba kidogo, mrembo zaidi. Gauni linapwaya kiunoni, hajalalamika. Kaja na begi moja dogo. Gari limetuleta nyumbani bila kikohozi hata kimoja! Siandiki zaidi. Nina mgeni, ila si mgeni.

Jumapili, 10 Machi

Naandika nikiwa kwenye kiti cha dereva, kando ya barabara. Tulitoka kutembea, sote watatu. Katikati ya mlima gari likaanza kukosa pumzi, likazima. Nimempigia Daktari. Uchafu wa chini ya tangi umeng'oka, anasema, umeziba chujio jipya. Hutokea. Anakuja na jingine.

Mke wangu hakukasirika hata kidogo. Alikunja mikono ya gauni, akafungua boneti, akataka nimweleze yote tangu mwanzo. Nikamweleza: vanishi, mpira mdomoni, magugu. Alicheka mpaka akashika bampa. Lo, nilivyokikosa kicheko hicho!

Kisha akajipangusa macho.

"Usiliache likae tena, mume wangu. Liwashe kila wiki. Ukikosa safari, mpeleke mama sokoni."

Nikamwambia wasiwasi wa nini, sasa tutakuwa tunaliendesha kila siku.

Alikuwa ameinamia injini, sikumwona uso.

"We liendeshe tu. Utalihitaji."

Utalihitaji. Hakusema tutalihitaji. Nikalikumbuka lile begi moja dogo: begi la mtu anayepita.

Nikageuka nyuma. Mama mkwe, aliyekuwa kiti cha nyuma akijipepea na kitambaa, ameacha kujipepea. Anatazama nje, upande usio na kitu cha kutazama.

Nimerudi kukaa humu, nikasema nasubiri Daktari. Mke wangu bado yuko mbele, boneti imemficha, naona viatu vyake tu. Anapuliza kitu, anagonga kitu. Sasa anaita, sauti yake nyepesi kabisa: nijaribu kuwasha, huenda likakubali.

Mkono uko kwenye ufunguo. Ameita tena.

Nasema, subiri kidogo, mke wangu. Subiri kwanza.