Kigoda Chini ya Dirisha la Nasra

Mama,

Sianzi na shikamoo. Nasra amenikataza. Jana nilimwambia nitamwandikia Bibi barua, akauliza, "Ataitikia marahaba?" Nikasema hawezi, mwanangu. Akasema, "Basi usimwamkie. Unampa kazi asiyoiweza." Ndiye yule yule mjukuu wako, uliyekuwa ukimwita mke mwenza, naye anakujibu kwa hasira, "Mie sina mume, nina miaka saba." Kwa hiyo nakuingilia hivi hivi bila hodi, unisamehe.

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya shule. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda bombani nikanywa maji bila kiu, nimerudi. Madamu Josephine, mwalimu mkuu, amesema ataniita kipindi cha kwanza kikiisha aniambie kama Nasra anabaki hapa au namchukua. Baba Nasra ameshindwa kuja, huko Kurasini kuna meli inashusha na vibarua wote wameitwa. Niko peke yangu. Mikono haitaki kutulia, ndo nimeishikisha kalamu.

Nikueleze tulivyofika hapa, maana uliondoka hili jambo halijapata hata jina.

Jina tunalo sasa. Usonji. Daktari alisema ni ule wa watoto wenye maneno mengi na akili nzuri, zamani ukiitwa Asperger, siku hizi wanasema usonji tu. Nikamwuliza unapona? Nikamwuliza tena. Akasema, "Dada, hii siyo malaria. Kichwa chake ndivyo kilivyopangwa. Shule ndiyo ipangike." Nikatoka pale nalia. Halafu kwenye ngazi nikaanza kucheka peke yangu, watu wakanitazama, kwa sababu nilikukumbuka wewe. Wewe ulishampangia siku nyingi, bila daktari.

Kile kigoda chako, Mama. Sie wote tulidhani unauza visheti. Unakaa na beseni lako chini ya dirisha la darasa lake, unafukuza nzi, na mie nakusumbua: Mama, nenda sokoni kwenye wateja, hapo shuleni utauza nini? Unanijibu, "Nina mteja wangu mmoja, ananitosha." Na huyo mteja ndani anainua shingo, anaiona khanga yako ya manjano yenye korosho nyeusi, anarudi kwenye daftari. Darasa limefurika, watoto wamebanana kwenye madawati, makelele kama mnadani, na yeye anakaa! Mie nikajua amezoea shule. Kumbe alikuzoea wewe.

Tulielewa matanga yalipokwisha. Tulimrudisha darasani, akainua shingo, dirisha tupu. Akatoka. Hakulia wala hakugombana na mtu, alikwenda tu kusimama pale kilipokuwaga kigoda. Mwalimu akamrudisha, akatoka tena. Kesho yake vile vile. Mwalimu mwenyewe maskini, na wanafunzi wote wale, akaniambia, "Mama Nasra, siwezi kufundisha huku nakimbizana. Mtafutieni shule ya kulipia yenye darasa dogo."

Basi nimezunguka, Mama, mpaka soli za ndala zimeisha. Kule Segerea kuna shule ina geti na maua, dada wa mapokezi akamwambia Nasra, "Hujambo, mrembo?" Nasra akamjibu, "Sijambo. Kucha yako moja imebanduka rangi." Tukaambiwa nafasi zimejaa. Kwingine wakasema mlete, ila mje na mwalimu wenu wa kukaa naye. Mwalimu wetu tumtoe wapi, kabatini? Baba Nasra aliniambia, "Ya ada niachie mie, tutajibana. Wewe mtafutie mahali pa kumweka." Nikawa natafuta. Nikipika natafuta, nikifua natafuta.

Hii shule ni ndogo, iko huku kwetu Temeke, nyuma ya mabanda ya mafundi seremala. Madamu Josephine hakuniuliza mtoto ana nini. Aliniuliza, "Akiwa ametulia, anakuwaga wapi, na nani?" Sijawahi kuulizwa hivyo na mtu. Nikamweleza habari ya kigoda na khanga. Akasema tumjaribu: akae karibu na dirisha, na khanga ya bibi yake tuifunge kwenye nondo aione.

Hapo ndipo tulipoharibu, na ni sie wanawake wa nyumba hii, siyo mtoto. Si unajua nguo za marehemu zinafuliwa zote kwanza ndipo zigawiwe? Tulifua, Mama! Sabuni ya unga, maji mawili matatu, tukaanika, tukapiga pasi, ukoo usije ukasema tumekuvunjia heshima. Doti ile ya manjano tukaigawa, kipande kimoja nikachukua mie, kingine akapewa dada yako, Mamkubwa Zuhura, pamoja na beseni lako. Nikaenda kukifunga changu dirishani, kinang'aa. Nasra akasogea, akakinusa, akanitazama kama nimemwibia.

"Hii ya dukani."

Nikasema ni ya Bibi.

"Bibi ananukia iliki na mafuta. Hii inanukia sabuni. Umenidanganya."

Akaingia chini ya meza, akaziba masikio. Siku ya pili hivyo hivyo. Ijumaa mwenzake akamvuta mguu atoke, Nasra akamsukuma, mtoto wa watu akajigonga. Madamu akaniita pembeni. "Mama Nasra, mtoto huyu nampenda. Lakini nisije nikawa napokea ada ya kumweka chini ya meza. Njoo Jumatatu tuamue."

Jumatatu yenyewe ndiyo leo.

Jumamosi nilikwenda Buguruni. Niliwaza kile kipande cha Mamkubwa anakivaa kila siku akiuza nazi zake sokoni, labda kimerudisha harufu ya mtu. Unamjua dada yako. Hata sijamaliza kuomba: "Nguo ya marehemu ikishagawiwa hairudi, Mwanaidi. Leo khanga, kesho mtalitaka na beseni." Nikamweleza shule, nikamweleza daktari. Akacheka mpaka wateja wakageuka. "Usonji! Enzi zetu huyo anaitwa mwenye kiburi, na dawa yake kofi. Mdogo wangu ndiye aliyemdekeza." Mama, nilitamani ungekuwepo umjibu, maana mie siwezi kumjibu mkubwa. Nikaaga. Nimeshafika barabarani nasikia sauti yake ile ya sokoni, "We Mwanaidi! Hilo dirisha liko upande wa jua au wa kivuli?" Nikasema asubuhi la jua. Akarudi kwenye nazi zake.

Sasa kengele imelia na bado sijaitwa. Nimechungulia darasani, kiti cha Nasra kitupu, naona soksi zake tu chini ya meza. Naandika nini mie. Nikimtoa hapa nampeleka wapi? Mama, nampeleka wapi?

Kuna mtu anagombana na mlinzi getini. Sauti hiyo naijua. Ngoja.

Nimefika nyumbani. Nasra amekula, amelala kidogo. Naendelea.

Alikuwa Mamkubwa. Ameshuka kwenye bodaboda, khanga yako ya manjano amejitanda vile vile ulivyokuwa ukijitanda, mkononi ameshika mbuzi yake ya kukunia nazi. Mlinzi anamwambia, "Bibi, kitu chenye meno kama hiki hakiingii kwa watoto." Na yeye, "Meno yangu mwenyewe utayatoa? Nimekuja kukaa, sikuja kukuna mtu!" Nikakimbia kuwaamua. Mwisho mlinzi akaizuia mbuzi, akampa kigoda chake mwenyewe. Mamkubwa akakibeba, akapita mbele yangu bila salamu, akaenda kukaa chini ya lile dirisha, juani, akatulia.

Mie nilijibanza kwenye nguzo. Madamu naye alisimama mlangoni mwa darasa.

Nasra alisikia ile sauti. Akatoka chini ya meza, akaja dirishani, akashika nondo. Akaitazama khanga. Akamtazama mwenye khanga. Akatazama kwa muda mrefu, Mama.

"Wewe ni Bibi Zuhura. Siyo Bibi."

Moyo wangu ukashuka ukaingia kwenye ndala. Na Mamkubwa, mdomo wote ule ulioujua, alisema tu, "Kweli. Mie siye."

"Unanukia nazi."

"Ndiyo kazi yangu."

Nasra akafikiri. Halafu akasema, "Haya, kaa. Lakini usiondoke kabla ya kengele."

Akarudi kwenye kiti chake. Kwenye kiti, Mama, siyo chini ya meza. Akafungua daftari. Akaandika, akainua shingo, akaona njano, akaandika. Mpaka kengele. Mamkubwa alipogeuka aniangalie uso ulikuwa umelowa, akasingizia jua. "Huyu uongo hajui hata wa kuazima," akaniambia. "Na mie nilitaka kumpiga kofi."

Madamu akaniita ofisini. Akasema, "Sisi tulifunga kitambaa, mtoto alikuwa anataka mtu." Anabaki, Mama. Nasra anabaki! Kuna binti anaitwa mwalimu Flora, anasaidia watoto wa awali; asubuhi atahamia darasa la Nasra akae naye karibu, na watamtuma kwa daktari akaelekezwe. Kelele zikimzidi Nasra ataruhusiwa kutoka, apumue pale kwenye kigoda, arudi, na hakuna kuchekwa. Paredi ya asubuhi atasimama mwisho wa mstari, mbali na ngoma. Na Mamkubwa aje mpaka Nasra amzoee Flora. Nikajua hapo ndipo atakapokataa. Akasema nazi za asubuhi binti yake atauza, "nazi haziozi kwa masaa."

Ila kuna jambo moja Madamu alilisema na ndilo linanizungusha humu ndani toka nimerudi, nimefagia ua niliokwisha fagia. Alisema kigoda hakitakaa pale milele. Flora akishazoeleka, kitasogezwa. Kutoka dirishani kiende kwenye nguzo ya bendera. Kutoka hapo kiende getini. Halafu siku moja Mamkubwa abaki na nazi zake Buguruni, na Nasra ainue shingo, aone dirisha tupu, ainamie daftari lake aendelee. Nilisema ndiyo, Madamu. Nimeelewa, na ndicho nilichokuwa nakitafuta. Lakini Mama, tulishakutoa pale mara moja. Sikujua ningetakiwa kukutoa tena, kidogo kidogo, kwa mikono yangu.

Nasra ameamka. Ameuliza kama barua imeisha, nikamwambia bado. Akasema, "Mwambie Bibi Zuhura anasogeasogea sana akikaa. Na hana visheti." Basi nimekwambia.

Visheti nitakaanga mie, kwa iliki ile ile, hata kama vya kwanza vitakuwa vigumu kama kokoto. Mamkubwa atakaa na beseni lako, na harufu itaingia dirishani. Na siku watakaposema kigoda kisogee, nitakuja mwenyewe nikibebe. Nakuahidi hili moja: sitakirudisha nyuma. Hata akilia. Hata nikilia mie.

Tutakuja kaburini siku ya mapumziko. Hatutakuamkia, mke mwenzio amekataza. Tutakaa tu kidogo, tukwambie kigoda kimefika wapi.

Kwaheri, Mama. Usiitikie, pumzika.

Mwanao,
Mwanaidi