Tamthilia ya Saa Moja na Kochi la Mama Mkwe

Shangazi mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa bado nimepigwa na butwaa, kwa hiyo nikichanganya mambo nivumilie, maana mimi ni mpanga vipindi kwenye kituo cha televisheni, kazi yangu kuamua kipi kirushwe saa ngapi, na ni mimi niliyeshikilia kwamba ile tamthilia yetu ya mawifi wanaogombea nyumba ya urithi itolewe saa tatu usiku iletwe saa moja jioni, nikaapa watazamaji wataongezeka, kumbe takwimu zilipokuja zimeporomoka karibu nusu, wenzangu wakanicheka mpaka basi, na mkurugenzi kasema kikao kijacho nikiri kosa irudishwe saa tatu, nikibisha nitamwaga unga.

Sasa sikia ya nyumbani. Naishi na mama mkwe na wifi yangu, binti yake wa kumzaa, na hao wawili hawajasemezana tangu tumzike baba mkwe, kila mmoja na chumba chake na televisheni yake, na enzi za saa tatu ungeisikia tamthilia ile ile nyuma ya milango mitatu iliyofungwa, wa tatu ukiwa wetu mimi na mume wangu. Juzijuzi nikawahi kutoka kazini, nikafungua mlango wa sebuleni, nikakuta mama mkwe kwenye kochi, wifi kajibanza pembeni kabisa ya kochi hilo hilo, mume wangu sakafuni na mwiko mkononi, watoto miguuni pake, hata yule mpangaji wa nyuma asiyetusalimia naye yumo, kwa sababu saa moja chakula bado kiko jikoni na hakuna aliyekwisha kujifungia. Mawifi wa kwenye tamthilia wananyang'anyana ufunguo, na mama mkwe, bila kugeuza shingo, akamwambia binti yake, "Sogea huku mwanangu, hapo huoni vizuri."

Wifi akasogea. Shangazi, nilibaki pale mlangoni na mkoba begani mpaka kipindi kikaisha, ndipo likanijia kwamba vipimo vyetu vinahesabu televisheni zilizowashwa, havihesabu watu, na nyumba yetu iliyokuwa tatu sasa ni moja. Tangu siku hiyo nikirudi natazama madirishani mwa watu, sebule baada ya sebule, vichwa vimekusanyika pamoja, na mimi kila jioni nasimama mlangoni kwetu nawaangalia tu. Nikinyamaza, kila mtu anarudi chumbani kwake. Nikisema, wataniambia naleta mambo ya ukweni kazini. Nifanyeje?

Mpanga Vipindi

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilibidi nivue miwani. Mama amemwita binti yake kwa sababu ya kipindi kilichosogezwa saa mbili nyuma! Nimeshauri watu miaka mingi na dawa ya namna hiyo sijawahi kuwa nayo.

Ila nawe unanishangaza. Kazi yako ni kupanga saa, saa imefanya kazi yake, halafu unataka kwenda kuomba radhi kwa kuogopa vicheko vya ofisini? Acha mzaha. Kabla ya kikao, waendee jamaa wa takwimu, wapige simu kwenye nyumba zile zile wanazozipima waulize jambo moja: mbele ya televisheni walikaa akina nani. Majibu hayo mpelekee kwanza mtu wa matangazo. Huyo atakuelewa upesi, maana sabuni inanunuliwa na watu, hainunuliwi na televisheni. Kisha nendeni kwa mkurugenzi pamoja. Ya mama mkwe na wifi usiyataje kabisa, hayo ni yao na bado mabichi.

Huenda wakakukatalia. Basi ikirudi saa tatu, washa ya sebuleni mapema, chemsha chai, wagongee milango wote wawili. Wakikunja uso, gonga tena kesho yake.

Mwisho, nikuseme kama mwanangu. Nyumba nzima imekaa pamoja, wewe uliyewakusanya umesimama mlangoni na mkoba begani kama mgeni. Kesho saa moja weka mkoba chini, umwambie wifi yako asogee kidogo, ukae.