Kumbukumbu ya Bwana Salama na Mgongo Wake

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukuzike. Karakana yako sasa ni ya fundi simu. Gundi yako bado imeganda sakafuni, na yeye ameshachoka kuikwangua.

Ulikuwa fundi makochi. Uliongea na misumari midomoni na wateja wakakuelewa tu, maana jibu lako lilikuwa moja. Habari za kazi? Salama. Za nyumbani? Salama. Mvua imeondoka na paa? Salama, tunashukuru. Ndipo mtaa mzima ukakuita Bwana Salama. Hukupenda kumsumbua mtu. Mjane wa jirani ulimtengenezea viti, ukamwambia sponji ni mabaki. Haikuwa mabaki.

Halafu mgongo. Miaka nenda rudi ulilala umekaa, kwenye kochi la mteja yeyote lililokuwepo, kwa sababu ukijinyoosha kitandani maumivu yaliwaka kutoka kiunoni. Asubuhi Mama akikuuliza, unamwambia umelala vizuri.

Hospitali walikuwa na mashine: kisanduku kama redio ya mezani, waya, na sindano ndefu. Ncha ya sindano hupashwa joto kwa mawimbi ya redio, ikaubabua mshipa wa fahamu unaopeleka maumivu. Ila mashine haijui pa kuchoma. Kwanza daktari hupitisha umeme kidogo, na mgonjwa, naye hajalazwa usingizi, anasema kama ndipo panapouma.

"Ndipo hapa, mzee?"

"Ndipo hapo, daktari. Asante sana."

Haikuwa hapo. Walichoma mshipa usiohusika, nawe ukarudi kwenye kochi. Dada yako ndiye aliyekubana.

"Kwa nini umemdanganya daktari wa watu?"

"Alishahangaika sana, dada. Ningemwambiaje tena kwamba siyo hapo? Ni aibu."

"Aibu gani? Mgongo ni wako au wake? Mficha uchi hazai."

Mara ya pili shangazi aliomba kuingia nawe. Wakamvalisha aproni nzito ya kuzuia miale ya eksirei, akasimama karibu na kichwa chako na kukukazia macho. Daktari akauliza. Ukamtazama dada yako kwanza, kisha ukasema, "Siyo hapo." Akasogeza. "Siyo hapo, daktari, niwie radhi." Akasogeza tena. "Hapo. Hapo ndipo, jamani." Shangazi anasema hajawahi kukusikia ukilia hivyo tangu mkiwa wadogo.

Baada ya wiki chache ulihamia kitandani. Mama akalalamika kwamba unakoroma, lakini hakuwahi kukuamsha. Daktari alituambia mshipa huota tena na maumivu huweza kurudi. Hatukufika huko, moyo ulitangulia kuugua.

Siku ile wodini muuguzi alikuuliza unajisikiaje. Mama alikuwa ameshashika mlango, anakwenda nyumbani kukuletea nguo. Ukasema, "Naumwa sana. Mwambieni mke wangu asiondoke." Akarudi, akakaa, akakushika mkono mpaka mwisho. Ungesema salama, angekuwa ndani ya basi.

Unakumbukwa na mkeo, dada yako, sisi wanao, wakwe zako, na wajukuu, pamoja na yule ambaye hukumwona. Hatujazoea kukaa bila wewe, Baba, na kukusahau hatutaweza.