Saa Niliyoandika Kwenye Bomba

Mama watoto,

Mdogo apewe dawa ya kikohozi saa nane kamili, kijiko kimoja. Ufunguo uko kwa jirani.

Safari ya kwa mama yako leo haipo. ~~Nitakueleza nikirudi.~~ Hapana, soma hapa hapa, maana ana kwa ana sitaweza.

Ulipotoka kwenda dukani, kaka yako alipiga simu analia. Lile bomba la plastiki la maji baridi ya kupoza jengo limeachia kwenye kiungo. Dari imeshuka, ofisi nzima ni maji, na msimamizi amemfukuza kazi kwa kufungua koki kabla gundi haijakauka.

Sisi mafundi tukishapaka gundi huandika saa tuliyopaka palepale juu ya bomba, kwa kalamu nene. Gundi ile inataka saa ishirini na nne kabla ya kufungua maji. Jana nilipaka saa tisa alasiri, shemeji akiwa ghorofa ya chini. Lakini nikaandika kwamba nilipaka saa mbili asubuhi, ili leo afungue maji mapema bila mimi, nami nikupeleke kwenu. Umeniita mwongo mara ngapi kwa safari hiyo?

Leo akasoma, akafungua saa mbili kamili. Hakukosea hata dakika.

Nakwenda kazini kuwaambia ukweli. Jioni mpakulie yeye kwanza, mimi usiniwekee.

Hakunilaumu hata kidogo kwenye simu. Aliniomba msamaha. Anadhani alihesabu vibaya.

Baba watoto