Arobaini na Saba Mbele ya Wazazi

Jumamosi. Mbinga imefunikwa na ukungu tangu asubuhi, kahawa ya watu haikauki. Mimi moyo wangu unawaka.

Leo nimelipiza kisasi.

Nilipokuwa darasa la saba kule Kihagara, Mwalimu Ndunguru alitufundisha kwamba ukichukua mbili, ukaipa kipeo ambacho ni namba tasa, kisha ukatoa moja, jibu lazima liwe namba tasa. Nikanyoosha mkono. Kipeo cha kumi na moja kinatoa 2,047, nayo ni 23 mara 89. Akanipigisha magoti juani hadi mchana. "Binti wa wavuvi, kahesabu dagaa," akasema. Darasa zima likacheka.

Nimeibeba aibu hiyo miaka ishirini. Sikuwa mwalimu wa hesabu kwa wito tu. Chuki nayo ilinisomesha.

Sasa kila mwenye uwezo anaruhusiwa kufungua shule, na Mwalimu Ndunguru naye amefungua yake hapa mjini. Leo aliita wazazi. Nilikwenda na dada yangu kwa sababu anataka kumpeleka mwanawe huko. Akaandika ubaoni 8,388,607. "Mbili kwa kipeo cha ishirini na tatu, toa moja," akasema. "Namba tasa! Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Hapa ndipo watoto wenu watafika."

Angetaja kipeo cha thelathini na moja ningenyamaza. Ile 2,147,483,647 ni tasa kweli, na naipenda. Lakini hii? Kigawo chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 46, lazima ibaki moja. Kwa hiyo unaanza kujaribu na 47.

Na inagawanyika palepale.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba chaki."

Nikaandika 47 mara 178,481, nikazidisha polepole, mstari kwa mstari. Mzazi mmoja, mnunuzi wa kahawa, akatoa kikokotoo chake. "Ni kweli," akasema kwa sauti. Wazazi wakaanza kunong'ona. Dada yangu akakunja fomu yake akaitia kwenye mkoba.

"Wewe ni nani, mama?" Mwalimu akaniuliza.

"Skolastika wa Kihagara. Ulinipigisha magoti."

Akanitazama sana. "Niliwapigisha wengi," akasema.

Hanikumbuki! Hilo limeniuma kuliko lile jua.

Wazazi walipotawanyika akanifuata getini, kofia mkononi. Akasema hana mwalimu wa hesabu wa kuaminika, na akaniomba nije kufundisha kwake. Alisema "tafadhali" mara mbili. Nilimjibu kwa adabu zote kwamba nitafikiri, nitamletea jibu Jumatatu.

Jumatatu nitamwambia Ijumaa. Ijumaa nitamwambia baada ya Pasaka.

Padre akiniuliza kwenye kitubio kama najuta, nitamdanganya?